Siku Nilipogeuza Kitanda cha Mzee Mugaza

Sasa ninapoacha kazi, mkuu wa kituo cha afya ameniomba ukurasa mmoja wa mambo niliyojifunza kazini, ausome mbele yenu ninyi mnaobaki. Nilianza kuandika huo ukurasa mmoja, nikaona umejaa kabla sijafika hata kwa mgonjwa wa kwanza. Kwa hiyo atapata kurasa zaidi, na akitaka kupunguza, apunguze mwenyewe.

Miaka yote hii, jioni nilikuwa namsimulia mume wangu Yakobo habari za wagonjwa. Sikutaja majina. Yeye aliyakisia, na mara nyingi alipatia, kwa kuwa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale ni pana lakini midomo yake ni mingi. Yakobo hayupo tangu msimu wa mvua uliopita. Habari zimebaki kwangu bila pa kwenda, ndiyo maana zinakuja kwenu.

Vyeo siviandiki. Nilikuwa na kimoja, msaidizi, nikaingia nacho na kutoka nacho. Shule yangu iliishia darasa la sita huko Kivu Kusini. Hata kazi yenyewe sikuiomba. Nilikuja kituoni nikiumwa mgongo, na kwenye foleni nikamsaidia mama aliyekuwa mbele yangu kueleza ugonjwa wake, kwani Runyankore, lugha ya wenyeji wa hapa Uganda, nilikuwa nimeijua kidogo kwa kuuza maharage sokoni Isingiro. Mtaalamu wa viungo akatoa kichwa mlangoni akasema, "Wewe, kaa hapa." Nilikaa miaka kumi na tisa. Mgongo bado unauma.

Mtaalamu huyo alikuwa Musawo Asiimwe, yaani Daktari Asiimwe, Mnyankore mwembamba kutoka Mbarara, mwenye vidole kama koleo la fundi. Kazi yangu ilikuwa kumpa maneno ya wagonjwa na kuwapa wagonjwa maneno yake. Siku ya kwanza alimshika bega mzee mmoja, na mzee akapiga kelele kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, ambapo kutosha ni kutoa, "Huyu mutoto ya shetani atanitosha mukono!"

"Anasema nini?" akaniuliza Musawo.

"Anasema asante, inauma kidogo."

Wa pili alimwita punda. Nikatafsiri kwamba anaomba aende polepole. Wa tatu sitaki kuandika alichosema, lakini kwa tafsiri yangu alikuwa anamwombea Musawo baraka. Jioni, Musawo alinawa mikono, akaikausha taratibu, halafu akaniambia kwa Kiswahili, "Mama Riziki, baba yangu alikuwa askari. Mimi najua shetani. Punda pia najua. Kesho wewe nasema yote."

Kuanzia kesho yake nilitafsiri kila tusi, na nilishangaa jinsi alivyoyafurahia. Mengine alinirudisha kwa mgonjwa nikaulize maana.

Baada ya mwaka mmoja alinipeleka Mbarara kwa mafunzo ya miezi mitatu. Nilipanga chumba Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa mama mmoja Mkatoliki aliyependa usafi kuliko watu. Musawo aliona kwamba vitabu vya Kiingereza vinanilaza usingizi, akachukua kalamu mbili za wino mzito akanichorea mishipa ya fahamu kwenye mikono yangu mwenyewe. Mmoja kwa rangi nyekundu, kutoka kwapani hadi kidole gumba. Mwingine kwa bluu, ukipita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga mezani unaruka na kumtaja Mungu. Akaniambia, "Sasa nenda nyumbani, jifunze." Nilivuka daraja la Rwizi na hiyo mikono. Mwenye nyumba alinitazama mlangoni akauliza ni madawa ya nani hayo, na hakunifungulia mpaka niliposugua kwa sabuni ya unga. Wino haukutoka. Jumapili mbili nilienda kanisani na shati la mikono mirefu kwenye jua. Lakini mpaka leo, ukiniamsha usingizini, nitakuonyesha neva ya kiwiko inapita wapi.

Somo la ubongo alinifundisha kwa vitambaa viwili vya shuka. Alinilaza kitandani, akanifunga kila mkono kwa kitambaa, akavuta vile vitambaa vikapishana juu ya kifua changu kama kamba za kubebea mtoto, halafu akavishika nyuma ya kichwa changu. Akivuta cha kulia, mkono wa kushoto unainuka. "Umeona? Waya zinapishana. Ubongo ikiharibika kulia, mwili inalala kushoto." Kisha akaongeza jambo nililoliandika kwenye daftari bila kulielewa: ubongo wa kulia ukiharibika sana, mtu anaweza kusahau kwamba upande wa kushoto upo. Siyo kipofu. Macho mazima kabisa. Ni kama barua imefika posta, lakini hakuna wa kuifungua.

Vifaa vyetu mnavijua, vingine mnavitumia mpaka leo. Vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea vilianza kama miti miwili ya mkaratusi, ambayo mara ya kwanza tuliifunga vibaya, ikalala chini pamoja na mgonjwa na mimi juu yake. Beseni la maharage lilikuwa la kuamsha vidole vilivyokufa ganzi: unaficha kifungo ndani, mgonjwa anakitafuta bila kuangalia. Tulilazimika kubadilisha maharage mara nyingi kwa sababu yalikuwa yanapungua. Simtaji mtu. Kinyundo cha mpira, cha kugonga chini ya goti, ndicho kilichonipa heshima kubwa kuliko vyote, kwa vile watu waliona mguu unaruka bila mwenyewe kutaka, wakasema mama huyu ana dawa. Wengine wote waliniita Mama Masaji. Nilieleza miaka kumi kwamba kazi yetu si masaji, halafu nikachoka.

Sitaki mdhani ilikuwa kicheko tu. Kulikuwa na mama mmoja aliyeangukiwa na boriti ya nyumba, uti wa mgongo ukakatika. Aliniuliza kama atatembea. Nilimwambia ndiyo, kwa kuwa alikuwa analia na mimi nilitaka aache. Hakutembea. Alinisubiri mwaka mzima nitimize. Musawo aliponigombeza hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mgonjwa akiwauliza, mwambieni mnachokijua. Msichokijua, semeni hamkijui. Mkitaka aache kulia, mpeni kitambaa.

Sasa nifike kwa Mzee Mugaza, ambaye ndiye hasa nilitaka kuwaandikia.

Mzee Mugaza alikuwa mfugaji kule milimani kwetu, mtu wa kanisa la Kiprotestanti, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hapa Nakivale hakuwa na ng'ombe, alikuwa na kuku. Kiharusi kilimpiga ubongo wa kulia. Mkono na mguu wa kushoto vikalala. Aliishi katika nyumba ya chumba kimoja na kisebule, akitunzwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa dada yake, Shangazi Debora, mjane mwenye nguvu, aliyekuja asubuhi kumwosha na jioni kumlisha, na mchana alikuwa shambani. Wa pili alikuwa Esta, mke wa mwanawe Elisha, mkamwana wake kama tusemavyo kwetu. Elisha mwenyewe alichunga ng'ombe wa mtu huko Kakiika, karibu na Mbarara, akija mara moja kwa mwezi. Chakula cha mchana kilikuwa cha Esta.

Nilipofika mara ya kwanza, nilikuta kitanda kimewekwa ule upande mbovu wa Mzee ukutani na upande mzima mlangoni. Nikafurahi, kwa sababu hapo ndipo nilipopata nafasi ya kuonyesha elimu. Tulifundishwa kwamba upande uliolala ndio uelekee mlango, ili watu, sauti na mwanga vitoke huko na ubongo ulazimike kuutazama. Nikaita watu, tukageuza kitanda, kichwa kikaenda kilipokuwa miguu. Kigoda cha chakula nikakiweka kushoto. "Kila kitu kitoke huku," nikasema. Shangazi Debora akanisifu. Niliondoka nikitembea kama daktari.

Nilisahau kuuliza swali moja: nani analeta chakula, na anakileta vipi?

Mimi pia nilikuwa mkamwana, kwa hiyo sina pa kujificha. Kwetu mke wa mtoto hasimami mbele ya uso wa baba mkwe. Jina lake halitamki. Anaingia kwa upole, anapiga goti pembeni, anaweka sahani, anatoka, na hamtazami akila. Shangazi Debora akiingia, alikaa kitandani, akamshika kaka yake kidevu na kumgeuza. Kwake mpango wangu ulifanya kazi vizuri sana. Esta aliingia kwa mlango, kushoto, kimya, akatoka. Kwa Mzee Mugaza, hakuna mtu aliyeingia.

Majuma matatu baadaye nilirudi, nikamkuta Mzee amekonda.

"Mama Masaji," akaniambia, "mukamwana wangu ananiua na njaa. Mchana haletaka kitu. Hata kuniamkia, hapana."

Nilimwita Esta nje. Alikuwa mdogo, na mtoto wake wa miaka miwili mgongoni. "Mgonjwa anahitaji kula," nikamwambia kwa ile sauti yetu ya kituoni.

"Nilimupelekea, mama. Kila siku. Na sahani natoshaka tupu."

"Tupu? Na yeye anasema hajala?"

Akatazama chini. Nikaamini nilichotaka kuamini. Nilimwambia aache uongo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Mwezi haukuisha, Shangazi Debora akanitumia ujumbe. Elisha anakuja, Mwenyekiti wa kijiji na mzee wa kanisa wameitwa, Esta anarudishwa kwa wazazi wake katika kambi nyingine kwa kosa la kula chakula cha baba mkwe. Mtoto atabaki kwa ukoo wa baba yake. Mimi nilitakiwa nije kuthibitisha kwamba mgonjwa amekonda.

Mkutano ulikuwa saa nane. Nilifika saa sita kasoro, nikiwa na mizani yangu begani, nikakaa kivulini upande wa pili wa ua, ambapo mlango wa Mzee unaonekana mpaka ndani. Esta akatoka jikoni na sahani ya fufu, ule ugali wa muhogo, na samaki wa ziwani. Akaingia, akapiga goti, akaweka sahani kwenye kigoda changu, akanong'ona salamu, akatoka bila kugeuka. Alikuwa akijua kwamba jioni hiyo huenda asilale na mwanawe, na bado alipiga goti sawasawa.

Kisha akaingia jogoo.

Aliingia kama mwenye nyumba. Akaruka kwenye kigoda, akaanza na samaki. Kuku wawili wakamfuata wakala vilivyoanguka. Mzee Mugaza, mkono mmoja tu kutoka hapo, alikuwa amefumba macho akimwomba Mungu kwa sauti ya milimani, "Baba, uliyelisha baba zetu jangwani, unikumbuke na miye!" Akafumbua macho, akatazama ukuta wa kulia, akangoja. Jogoo akaendelea.

Sikumfukuza. Mungu anisamehe, nilimwacha amalize, kwa kuwa nilitaka kuwa na hakika. Na wale kuku, sasa ndipo nilipowaona vizuri, walikuwa wanene kuliko kuku yeyote wa zoni ile ya kambi. Kila mtu katika nyumba hiyo alikuwa amesema kweli. Aliyekosea alikuwa mwenye mizani.

Ningeweza kumwambia Shangazi Debora palepale. Lakini namjua. Angesema namtetea msichana. Kwa hiyo nilijitolea kupanga viti.

Mzee tulimtoa nje kwenye kiti cha mikono. Elisha, Shangazi na mzee wa kanisa niliwakalisha kulia kwake. Mwenyekiti, mtu mnene aliyependa kitabu chake cha mihuri, nilimkalisha kushoto, karibu kabisa, magoti yakigusana na ya Mzee. Alidhani nampa heshima. Esta alisimama nyuma ya nguzo ya mlango, mtoto mgongoni, upande huohuo wa kushoto. Chai ikagawiwa.

"Mzee," nikasema, "wageni wamefika. Utusalimie."

Mzee Mugaza akawasalimu wa kulia mmoja mmoja, akataja na baba zao. Halafu akaanza kunywa chai yake.

"Na Mwenyekiti je?"

"Mwenyekiti hayakuya," akasema Mzee. "Ule mutu anapendaka kusema saa nane, anafika saa kumi. Na akifika, kitu ya kwanza anauliza kama chai iko."

Mwenyekiti alikuwa na kikombe mdomoni.

"Mzee, niko hapa!" akasema.

Mzee akageuka upesi, kulia, akamkazia macho mzee wa kanisa. "Weye, acha kuiga sauti ya batu. Si muzuri kwa mutu ya kanisa."

"Miye? Sikusema kitu!"

"Huyu mzee ananitukana mbele ya watu," Mwenyekiti akafoka, akimwaga chai.

"Unaona?" Mzee akamwambia mzee wa kanisa. "Unaendelea."

Elisha alicheka akajizuia, akacheka tena. Shangazi Debora hakucheka. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, akimtazama kaka yake, halafu Mwenyekiti, halafu kaka yake. Nikaona wakati umefika, nikasimama.

"Kitanda nilikigeuza mimi," nikasema. Nikawaeleza juu ya waya zinazopishana, na barua isiyofunguliwa, na goti la Esta, na jogoo. Nikasema pia kwamba nilimwita mwongo, na kwamba hakuwa mwongo.

"Kumbe ni weye ulimunyima kaka yangu chakula?" Shangazi akauliza.

"Ni mimi. Na jogoo."

"Macho yangu ni mazima!" Mzee akanguruma.

"Ni mazima, Mzee. Ubongo ndio umezoea kulia."

Shangazi Debora hakutaka kushindwa yote. "Haya, paralizi inaficha sahani. Na salamu je? Salamu haina rangi. Anasikia masikio. Kwa nini hasikiage huyu akimuamkia?"

Elisha akamwambia mke wake aseme. Esta akajibu kutoka nyuma ya nguzo, sauti ndogo, ya mtu aliyefundishwa vizuri na mama yake. "Naamkiaka kila siku. Lakini polepole. Mutu hapigie baba mukwe kelele."

Mzee akaisikia. Akaitafuta kulia. Akapita Elisha, akapita mzee wa kanisa, akafika mwisho wa viti, akarudi. Uso wake ulibadilika. Mpaka hapo alikuwa mtu aliyenyimwa, na sasa alikuwa mtu aliyepotewa na kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nilimgusa bega la kushoto, nikaliminya kwa nguvu. "Mzee, fuata mkono wangu. Tafuta."

Kichwa kikaanza kugeuka. Mnajua kazi ile, jinsi shingo inavyokataa pale katikati, kana kwamba kuna ukuta. Alifika katikati akasimama. Nikaminya tena. Nikamwambia Esta aseme, na asiseme polepole.

"Baba! Niko huku!"

Watu walishtuka, na Esta akajishtua kuliko wote. Kichwa kikapita katikati. Kikakutana na Mwenyekiti. "Weye!" Mzee akasema. "Umefika saa ngapi?" Hakungoja jibu. Akaendelea kugeuka, jasho likimtoka kwenye paji la uso, mpaka akaifikia nguzo. Esta akavuta kitenge akafunika uso.

Mzee Mugaza alimtazama toka kichwa hadi miguu.

"Mukamwana," akasema, "umekonda."

Hakuna aliyecheka hapo. Shangazi Debora aliinuka, akaenda kwenye nguzo, akamtoa mtoto mgongoni mwa Esta ili apumzike, na kwake hilo ndilo lilikuwa ombi la msamaha. Langu nililisema kwa mdomo, mbele ya wote. Mwenyekiti akafunga kitabu bila kugonga muhuri, akauliza kama chai bado iko.

Lakini kulikuwa na jambo moja la kumaliza. Kwetu, baba mkwe akitaka mkamwana asimame mbele yake na kusema naye bila kujificha, humpa ng'ombe jike, na mwiko unaondoka. Mzee akamwuliza Elisha, "Tuko na nini?" Elisha akasema, kuku, baba. Mzee akafikiri. "Basi mupe ule jogoo. Kwa sababu anakulaka chakula yangu, iko sawa na ng'ombe." Esta akampokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka, na jogoo akampiga mabawa usoni.

Yakobo nilipomsimulia jioni, alikisia majina yote mpaka la Mwenyekiti, akacheka mpaka nikalazimika kumpigapiga mgongo.

Kitanda hatukukigeuza tena. Kilikuwa sawa, ni mimi niliyekuwa nikiona nusu. Tangu hapo, nikigeuza kitu katika nyumba ya mtu, nakaa kwanza siku nzima na kuangalia nani anaingia na nani anapiga goti. Ninyi pia fanyeni hivyo, hata kama ripoti haina mahali pa kuyaandika.

Juma lililofuata nilikwenda kumfanyisha Mzee mazoezi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, kushoto, mahali pangu pa kitaalamu, nikaanza kumwambia ageuke. Hakugeuka. Nikaminya bega. Nikatumia kinyundo. Nikamwita kwa sauti ya kituoni. Alikuwa anatazama ukuta tu.

Esta aliingia na sahani, akasimama wima, akanitazama kwa heshima yote.

"Mama Masaji, sogea kidogo," akasema. "Hapo njo pahali baba ananitafutaka."

Nikasogea.